Kusoma Tope la Mogollon

Juu ya jangwa la Arizona, kule Marekani, kuna Ukingo wa Mogollon, nchi ya misonobari mirefu ya ponderosa. Theluji ikishayeyuka, ukavu hushika mpaka mvua za Julai. Msimu wa kuwinda bata mzinga wa mwitu hufunguliwa humo humo katika ukavu, mwishoni mwa Aprili, vijito vingi vikiwa vimebaki kokoto tupu. Maji yanapatikana kwenye chemchemi chache na malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, kwa hiyo mwindaji stadi wa huko huanza kazi kwa kuinama.

Tope la kando ya lambo humweleza mengi. Wayo unaozidi sentimita 10, kidole cha kati kikiwa kimewaacha wenzake mbali, ni wa dume. Kinyesi cha dume hujipinda mwishoni kama ndoana, cha jike hujiviringa. Vumbini, michirizi pande zote mbili za nyayo huonyesha mahali dume alipojitutumua mbele ya majike, ncha za mabawa zikiburuta chini. Alama ambayo kingo zake bado zina unyevu ni ya asubuhi hii. Iliyopasuka kwa jua ni habari ya zamani. Nawastahi sana watu wanaoweza kupiga magoti hapo nusu saa nzima, bunduki begani, wakitafuta ndege alitokea upande gani na akaondokea wapi.

Maana wawindaji hao hawaketi kando ya maji. Huketi njiani, kati ya lambo na miti mikubwa ambayo ndege hulala juu yake. Jioni huiga mlio wa bundi, na dume aliye juu ya mti mara nyingi hushindwa kujizuia, akajibu kwa kuguguma. Mwindaji huondoka kimya, akarudi gizani kabla ya alfajiri, akaegemea shina pana kuliko mabega yake.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Kwa desturi ya ndege hawa, dume huguguma na jike humfuata. Mwindaji anayeiga sauti ya jike, kwa kisanduku cha mbao, kibao cha jiwe au mfupa wa bawa, anamtaka dume aigeuze desturi hiyo. Akiita kupita kiasi, dume husimama alipo, akingoja afuatwe. Kwa hiyo fundi huita kidogo, kisha hunyamaza hata robo saa, hata zaidi, bila kupangusa nzi usoni, kwa sababu bata mzinga huona rangi vizuri na macho yake yaliyo ubavuni mwa kichwa hunasa mtikisiko mdogo kabisa. Kunyamaza huko ndiko ninakokuhusudu kuliko shabaha yoyote.

Mei majike wengi wanaatamia. Huacha mayai kwa muda mfupi, wakala, wakanywa, wakarudi. Msimu huo ni wa ndege wenye ndevu kifuani, yaani madume kwa kawaida, na mwindaji mwema humwacha jike apite hatua chache mbele yake bila kumshtua. Sheria ya Arizona nayo inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, mita 400 hivi, ya maji ikiwa kambi hiyo itawazuia wanyama kuyafikia maji pekee ya karibu.