Kisiki si Kigutu

Kikorongo, barabara ya Kasese inapochepuka kwenda Bwera na mpaka wa Kongo, wengi hujifunza Kiswahili juu ya Kilukonzo, na darasani hukifikia kupitia Kiingereza. Hapo ndipo neno 'stump' linapowapotosha: kila kipande kifupi huitwa kisiki. Tunalipinga zoea hili. Kisiki ni cha mti uliokatwa, mizizi ingali ardhini. Mkono uliokatika huacha kigutu. Penseli iliyochongwa ikakaribia kwisha ni kipande tu. Kiingereza hutazama ufupi wa kilichobaki. Kiswahili huuliza kwanza kilichokatwa ni nini. Ukiuita mkono wa mtu kisiki, umemfanya mti. Walimu wenzetu, tufundishe neno pamoja na kitu chake.