Mchezo Usiojua Kinyaa

Tarehe 31 Machi 1904, katika uwanda wa Guru, ng'ambo ya milima inayoitenga Tibet na Bara Hindi, waliuawa Watibeti wanaokadiriwa kuwa kati ya 600 na 700. Upande wa Waingereza hakufa hata mtu mmoja, na waliojeruhiwa walikuwa kama 12 tu. Leo mapigano hayo ni mchezo. Wapo watu, aghalabu wa Ulaya na Marekani, wanaopaka rangi vijiaskari vya madini visivyozidi urefu wa kidole gumba, wakatandika mezani kitambaa cha rangi ya udongo, wakapanga mawe yawe milima, kisha wakarusha dadu ili waone Guru ingekuwaje.

Si jambo la kubezwa kwa haraka, kwani mchezo wa vita una nasaba yake. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundishia maafisa, nao ukakubaliwa jeshini. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mtunzi wa hadithi, aliuhamishia sakafuni katika kitabu chake Little Wars, mizinga ya kuchezea ikiwaangusha askari wa bati. Na mwishoni mwa kitabu akausifu mchezo wake kwa sababu vita vya kweli ni vibaya mno. Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alitoa The Sword and the Flame, kanuni za vita vya kikoloni ambamo karata ndizo zinazoamua kikosi gani kitangulie kusogea. Huo ndio ukoo ulioipokea Guru.

Mcheza bao wa visiwani ataliona tatizo kabla hajaelezwa. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila upande 32, na kete iliyoliwa haifi: huhamia ng'ambo ikaendelea kuchezwa. Usawa ndio mlango wa mchezo. Guru haukuwepo. Jenerali Macdonald alikuwa na bunduki za kisasa, mizinga, na bombomu mbili za kikosi cha Norfolk. Watibeti kama 1,500 walikuwa na panga, bunduki za mrao ambazo hazilii mpaka utambi uwashwe, na ukuta wa mawe walioujenga kuvuka njia. Mchezo unaotaka washindani wawili utafanya nini hapo?

Jawabu la kawaida ni alama. Mtunzi wa kanuni humkatia aliye dhaifu ushindi wa kipimo chake: mathalani, akiushikilia ukuta hadi jioni, ameshinda, akimwangusha afisa mmoja wa Kiingereza, ameshinda, akiokoa nusu ya watu wake, wametoka sare. Huo ni ungwana kwa mgeni aliyeacha shughuli zake kuja kucheza, kwa maana hakuna apendaye kuketi saa tatu akisubiri kumalizwa. Lakini ni uongo juu ya Guru. Jemadari wa Lhading, aliyewaongoza Watibeti, hakuwa na daftari la alama. Alikuwa na agizo la kuwazuia Waingereza wasipite, na mbele yake walisimama watu waliokwisha kuamua kwamba watapita.

Haki itendeke hata hivyo: kuna mambo ambayo mchezo huu unayasema vizuri kuliko vitabu vingi. La kwanza ni njia. Francis Younghusband alivuka mlango wa Jelep La mwezi Desemba 1903, na baridi ilikuwa kali hata askari wakalala na vyuma vya bunduki zao kitandani ili mafuta yasigande. Mwezi Mei 1904 walipigana Karo La, mahali palipo juu ya mita 5,000, ambapo mtu hutweta kwa kutembea tu. Kanuni zinazohesabu nyumbu, wapagazi na magunia humfunza mchezaji kwamba kilichoifikisha Uingereza Lhasa mwezi Agosti mwaka ule ni migongo ya wanyama na watu wasiotajwa majina. Masimulizi ya maafisa huwapitia wapagazi kwa sentensi moja; mezani, akiwasahau, jeshi lake halisogei.

La pili ni kiti. Mchezo unamlazimu mtu aketi upande wa Watibeti na kufikiri kwa niaba yao. Katika vitabu vya safari ile Watibeti huonekana kwa mbali, kama umati. Mezani wana mtu anayejiuliza: nirudi nyuma, nitawanyike, nipande kilimani? Ni heshima ndogo, lakini ni heshima.

Ila mchezo huanza wakati ambapo jambo lenyewe limekwisha kupita. Guru haikuanza kwa jeshi kulikabili jeshi. Waingereza walisogea bila kupiga hadi wakawazingira Watibeti pale ukutani, kisha wakaamuru wanyang'anywe silaha. Masingasinga wa jeshi la Kihindi walikuwa wakizivuta bunduki mikononi mwao pale jemadari alipochomoa bastola na kumpiga mmoja wao usoni. Ndipo bombomu zikalia. Mchezaji wa Kitibeti aliyepangiwa vijiaskari vyake tayari kwa vita amekwisha kupewa kitu ambacho jemadari yule hakuwa nacho, yaani nafasi.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye moyo. Kanuni za aina hii zina sura nzima juu ya ushujaa na woga. Kikosi kinachopigwa hurushiwa dadu, nacho ama husimama, ama hurudi nyuma, ama hutoka mbio. Guru Watibeti hawakufanya hata moja kati ya hayo. Edmund Candler, mwandishi wa gazeti la Daily Mail, aliyekatwa kwa upanga siku hiyo hiyo hata akapoteza mkono, ameeleza jinsi walivyogeuka na kuondoka wakitembea. Hawakukimbia. Walikwenda polepole, vichwa vimeinama, na bombomu zikaendelea kuwaangusha mgongoni. Dadu haina upande wa kutembea.

Tena dadu hiyo humpima anayekufa, au anayeogopa kufa. Anayeua hapimwi. Luteni Arthur Hadow, aliyezisimamia bombomu zile, aliandika kwamba mauaji yalimchukiza hata akasimamisha kupiga, ingawa amri ya jenerali ilikuwa ya lugha ya wawindaji: mawindo yawe mengi kadiri iwezekanavyo. Kanuni za mezani zinaijua hofu, kinyaa hazikijui. Bombomu ya mezani inaweza kukwama au kuishiwa risasi, kisha ikatengenezwa ikaendelea. Haiwezi kuchoka kuua.

Wapenzi wa mchezo hujitetea kwamba bila shaka ya matokeo hakuna hamu. Watunzi wa Mrima wamelikanusha hilo siku nyingi. Wengi wa waliokufa Guru walikuwa wamevaa hirizi za kuwakinga na risasi, na mwaka uliofuata, 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, maelfu walikunywa na kunyunyiziwa maji ya Kinjikitile kwa tumaini lile lile. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita vya Majimaji utenzi, na Ebrahim Hussein akaviandikia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Anayesikiliza utenzi ule au kuitazama tamthilia ile anajua tangu mwanzo kwamba maji hayatazuia risasi. Hasubiri kuona nani atashinda. Anasubiri kuona mtu atafanya nini na neno alilokwisha kulitamka, na kusubiri huko kunakaza moyo kuliko dadu yoyote.

Si kwamba mchezo ugeuzwe utenzi. Lakini kanuni inayokosekana haingekuwa ngumu kuandikwa. Kila mzunguko ambamo adui anaondoka bila kupiga, mwenye bombomu arushe dadu. Ikianguka chini ya nne, mpigaji wake ameacha, na hakuna amri itakayomrudisha. Anayeendelea kupiga aendelee, bila kupata alama. Huenda mchezo ukaharibika. Huenda wawili wale wakabaki wameegemea meza, wakivisogeza vijiaskari vya kijivu inchi moja moja kuelekea ukingoni, hakuna wa kuvipiga.

Baada ya mapigano ya Guru, Waingereza walifungua hospitali wakawatibu majeruhi wa Kitibeti waliowapiga wenyewe, na majeruhi hao walishangaa, kwa kuwa walitarajia kumalizwa. Mezani kijiaskari kilichoanguka huondolewa na kurudishwa sandukuni, na tangu hapo hakuna kanuni inayokihusu.