"Chanzo cha Ulimwengu": Maneno Yanayopotosha Mdahalo

Miongoni mwa mada zinazopendwa sana katika midahalo ya Kiswahili ni ile ya sayansi na dini kuhusu chanzo cha ulimwengu. Upande mmoja hutetea Mlipuko Mkuu, wa pili hutetea uumbaji, na aghalabu wanafunzi hutoka wakiamini kwamba ni lazima wachague kati ya elimu na imani. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na maneno tunayowapa.

Tuanze na neno chanzo. Tunaposema chanzo cha mto, tunaonyesha mahali unapoanzia. Tunaposema chanzo cha ajali, tunatafuta sababu. Katika mada hii maana hizo mbili huchanganywa. Mwanafizikia anaeleza jinsi ulimwengu ulivyokuwa miaka bilioni 13.8 iliyopita na ulivyobadilika tangu hapo. Muumini anauliza kwa nini upo. Maswali ni mawili, neno ni moja.

Neno la pili ni mlipuko. Kwa Kiswahili hulipuka bomu au baruti, na kila mlipuko una mahali pake na aliyeuwasha. Ndiyo maana mwanafunzi huuliza haraka: nani aliwasha? Lakini nadharia yenyewe haizungumzii kitu kilicholipuka mahali fulani. Inazungumzia kutanuka kwa nafasi yenyewe kutoka hali ya joto kali na msongamano mkubwa. Jina la Kiingereza, "Big Bang", lilitolewa mwaka 1949 katika redio ya BBC na Fred Hoyle, ambaye hakuikubali nadharia hiyo. Sisi tulitafsiri jina, hatukutafsiri dhana. Mtanuko Mkuu lingefaa zaidi, kwani mtanuko ni neno ambalo tayari linatumika katika fizikia.

La tatu ni nadharia. Kwa kuwa tumezoea kuitenga nadharia na vitendo, mwanafunzi husema "hiyo ni nadharia tu", kana kwamba ni dhana isiyo na ushahidi.

Historia nayo haiungi mkono pande mbili za mdahalo wetu. Aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulikuwa na mwanzo, ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakutaka imani yake itegemee nadharia ya fizikia, wala fizikia yake iegemee imani.

Hatusemi kwamba hakuna mgongano wa kweli. Anayesoma maandiko na kupata ulimwengu wenye umri wa miaka elfu chache hawezi kupatana na vipimo vya wanasayansi. Huo ni mgongano halisi, na unastahili kujadiliwa kwa heshima. Lakini wanafunzi hawataufikia ikiwa muda wote unakwisha katika mgongano wa maneno.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu waache mada kama "Sayansi ni bora kuliko dini". Waulize badala yake: "Je, kujua jinsi ulimwengu ulivyoanza kunatosha kueleza kwa nini upo?" Hapo mwanafunzi atalazimika kupima maana kabla ya kupaza sauti, na hiyo ndiyo kazi ya somo la lugha.