Huyu Kasukwa na Nani?

Mama mdogo alivaa miwani, akaisogelea kompyuta, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwenye kioo palikuwa na uso wa bibi, yaani mama yake mzazi, niliouchonga kwa miezi minne kwa kutumia Blender, programu ya bure ambayo ndiyo kimbilio la wengi wetu tunaotengeneza picha za kompyuta kwa mapenzi tu, bila mshahara. Katika picha zote za bibi tulizonazo amejifunga kilemba. Nilitaka kumwona, walau mara moja, akiwa kichwa wazi, amesukwa twende kilioni kama alivyokuwa akikaa ndani ya nyumba yake Ngamiani, Tanga.

"Pua ndiyo yake," alisema mama mdogo. "Na macho. Lakini huyu kasukwa na nani?"

Nilidhani ananitania. Kumbe aliuliza kama fundi cherehani anavyouliza nguo imeshonwa wapi, pale anapoona pindo limekwenda upande. Kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa akimsuka bibi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama kazi zetu kwa swali lake. Sisi tunaotengeneza nywele za kompyuta tunapenda sana neno "uhalisia". Tunasifiana kwalo, tunakosoana kwalo. Nadhani tumekuwa tukipima sehemu ndogo tu ya uhalisia huo, ile ambayo mashine inaipima vizuri.

Tuanze na tulichokipata, maana si haba. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake walichapisha utafiti uliobadilisha fani hii. Walieleza kwamba mwanga ukiupiga unywele mmoja, sehemu yake hudunda kwenye ganda la nje, sehemu hupenya na kutokea upande wa pili, na sehemu nyingine huingia, hugonga ukuta wa nyuma kwa ndani, kisha hurudi. Ndiyo maana nywele huwa na ming'ao miwili: mmoja mweupe, mwingine wenye rangi ya unywele wenyewe. Leo kijana mwenye kompyuta ya mtumba anazipata hesabu za aina hiyo bila kulipa senti. Anachagua kiasi cha melanini, anaotesha nywele 100,000, idadi iliyo karibu na ya kichwa cha mtu, kisha anaiacha mashine ihangaike na mwanga usiku kucha. Asubuhi picha iko tayari, na mara nyingi ni nzuri kweli.

Lakini zitazame picha hizo hamsini kwa mpigo. Utakutana na mwanamke yule yule, upepo ule ule, nywele ndefu za singa zikipeperuka, na jua limewekwa nyuma ya kichwa ili lipenye katikati ya nywele na kuziwasha kama utambi. Nimeshatengeneza tatu za namna hiyo mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu. Jua la nyuma ni njia ya mkato: linaonyesha kazi ya programu, halionyeshi lolote kuhusu mwenye nywele. Ukimvalisha mwanamke huyo kichwa kingine, hakuna kitakachobadilika.

Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba fani hii ilikulia kwenye manyoya. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walipoonyesha njia mpya ya kuchora manyoya kwa kompyuta, mfano wao ulikuwa mdoli wa dubu. Mwaka 2001 Pixar waliushangaza ulimwengu na Sulley wa Monsters, Inc., dude la buluu lenye nywele zaidi ya milioni 2. Hata katika ulimwengu wetu wa bure, filamu fupi ninayoipenda kuliko zote za waundaji wa Blender ni Cosmos Laundromat ya 2015, na mhusika wake mkuu ni Franck, kondoo aliyechoka kuishi. Sufi yake inasadikika kabisa. Ninapomtazama siwazi kompyuta. Nawaza kondoo aliyelala nje.

Tatizo ni kwamba manyoya humea, ilhali nywele za mtu hutengenezwa. Kondoo hana kitana, hana Ijumaa, hana harusi wala msiba. Manyoya ukiyaotesha na kuyalaza upande, kazi imekwisha. Programu zetu zimerithi fikra hiyo: unywele ni mstari unaotoka kwenye ngozi, ukavutwa chini na uzito wake. Hayo ni maelezo ya singa. Kipilipili huja baadaye kama marekebisho: unachukua mstari ulionyooka, unauongezea mzunguko, kisha unauongezea vurugu. Kwenye vidhibiti vya programu, nywele zangu ni nywele za mtu mwingine zilizovurugwa. Kiswahili kilichotupa singa na kipilipili hakikusema kwamba kipilipili ni singa iliyoharibika, na hata vile vinyweleo laini visivyosukika kimevipa jina, kikaviita malaika.

Kuna watakaosema nalalamikia jambo linalotatuliwa, na wana haki. Pixar hao hao, katika Brave ya 2012, waliunda mfumo mpya ili nywele za Merida zijikunje na kudunda. Mikunjo ipatayo 1,500 ilipangwa moja moja, ikazaa nywele zaidi ya 100,000. Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, aliandika wazi kwamba hesabu zinazoitwa za "binadamu" zilijengwa juu ya ngozi na nywele za Wazungu. Mwaka 2023 msanii A. M. Darke alizindua Open Source Afro Hair Library, hazina ya mitindo ya nywele za watu weusi ambayo yeyote anaweza kuichukua. Mwaka uliofuata wawili hao, pamoja na wenzao, wakachapisha utafiti kuhusu nywele zenye mkunjo mkali, wakionyesha mambo ambayo kila msusi ameyagusa: karibu na ngozi nywele hizi hujaa kama sifongo, mbali zaidi hushikana na kuwa vifundo, na unywele mmoja huweza kugeuza upande wa kujizungusha katikati ya safari. Blender nayo, tangu toleo la 4.0, inakubali kwamba unywele ukikatwa si lazima uwe duara. Unaweza kuwa bapa, kama zilivyo nywele za wengi wetu.

Nayapokea yote hayo kwa shukrani. Hata hivyo, unywele wa bibi niliutengeneza baada ya maendeleo hayo, nikiwa na ubapa sahihi na melanini sahihi, na bado mama mdogo hakumwona aliyemsuka. Unywele ulikuwa sawa. Msuko ndio uliokuwa uongo.

Nilimwomba anieleze. Akavuta kiti.

"Mistari yako yote ina upana mmoja," alisema. "Kichwa kinabana kuelekea kisogoni, mwanangu. Mistari lazima ikonde." Kisha akagusa kioo kwenye paji. "Hapa umeanza na mnene. Mstari unaanza na nywele chache, unaokota nyingine kadiri unavyorudi nyuma."

Hapo nilielewa kosa langu la kiufundi. Kifaa cha kusukia kilichokuja na Blender mwaka 2023 husuka nywele zinazoning'inia. Mimi nilitengeneza kamba nane nzuri, nikazilaza juu ya fuvu zikiwa zimenyooka kama reli. Hazikuwa na mizizi. Twende kilioni ni mfululizo wa kuokota: kila vidole vinapopishana, nywele mpya hutolewa kwenye ngozi na kuingizwa. Ukiiangalia hivyo, kazi haianzi na nywele kabisa. Inaanza na njia, ngozi tupu inayofunguliwa na ncha ya kitana. Hakuna video ya mafunzo niliyowahi kuifuata iliyoanza na ngozi.

Mama mdogo hakuwa amemaliza. "Na huyu kasukwa lini? Kama ni leo, mbona paji halijavutwa? Kama ni wiki mbili zilizopita, mbona hakuna hata moja iliyochomoka?"

Swali la lini ndilo lililoniuma zaidi. Picha zetu hazina siku. Nywele zake ziko katika dakika isiyo na jana, safi kama zilivyotoka kiwandani. Wakati huo huo msuko wenyewe umebeba muda ndani ya jina lake: twende kilioni, msuko wa haraka wa kumwezesha mtu kutoka nyumbani na kuwahi msibani. Kuuchora bila saa ni kuuchora bila maana yake.

Kwa hiyo naamini kosa haliko kwa waunda programu peke yao. Liko kwetu pia, tunaopakua kichwa kilichokwisha sukwa, tukakibandika juu ya uso, tukaita uwakilishi. Hazina kama ya Darke ni mwanzo mzuri, lakini haimjui bibi yangu, na haikuahidi kumjua. Anayetaka uhalisia wa kichwa fulani hana budi kwenda kuuliza kwa vidole vilivyokigusa, na vidole hivyo mara nyingi viko kibarazani, havijawahi kushika kipanya.

Nimefuta zile kamba nane. Mama mdogo aliketi pembeni yangu Jumapili tatu mfululizo, mimi nikichora njia kwenye fuvu tupu, yeye akinielekeza kwa kunigusa kichwani mwangu mwenyewe: hapa, sasa hapa. Jumapili ya tatu, tulipofika utosini, alisita.

"Hapa hazikuwepo," alisema. "Ndoo za maji. Tangu nimemfahamu. Nilikuwa naupindisha mstari kupaziba, na yeye alikuwa anajua kwamba najua. Hatukuwahi kulizungumza."

Niliuliza kama tupaache wazi. Akatikisa kichwa.

Katika picha mpya mistari ya pembeni imenyooka, na malaika wachache wamebaki huru pembeni mwa paji. Mstari wa nne kutoka kushoto unapinda ukifika utosini, kisha unarudi kwenye njia yake. Nimeshamwonyesha rafiki mmoja mwenye jicho kali katika kazi hizi. Aliisifu ngozi, akausifu mwanga, kisha akaniambia kuna mstari mmoja nimeukosea.