Plake ya gari kwa askari wa zamani: tuanze na karatasi



Wengi wetu tunapenda zile plake za Marekani zenye kuonyesha kama mwenye gari alitumikia jeshi. Wengine wanasema: na sisi tuombe zetu. Wazo ni nzuri kwa macho, lakini naona tunalishika kwa mukia.

Tuangalie kwanza namna plake ile inapatikana. Kila jimbo la Marekani linatoa yake. Mwenye kuomba analeta uthibitisho, mara nyingi karatasi ya kutoka jeshini yenye kuitwa DD 214. Inaonyesha alitumikia tangu lini mpaka lini na aliachiliwa namna gani. Kumbe plake inakuja nyuma. Karatasi njo inatangulia.

Sasa panda Cimpunda. Kuna vijia ambavyo gari haifike hata siku moja. Muzee aliyekuwa askari anashuka Kadutu kwa miguu, ao akipata franga, kwa moto. Plake ataifunga wapi, kwenye fimbo? Kwenye avenyu yetu kuna mama mjane mwenye kuchunga faili ya marehemu bwana yake ndani ya sashe. Kila akienda kuuliza, anaambiwa karatasi moja imekosa, rudi kesho. Na sheria iko: Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, juu ya hali ya askari wa FARDC, inaongelea pensheni. Sheria iko, na sashe iko.

Mtaniambia: heshima nayo ni kitu. Kweli. Lakini tunapita kila siku kwenye Kambi Saio, na ni wangapi wanajua kama Saio ni mahali kule Ethiopia, ambapo Waitaliano walijitoa mbele ya jeshi la Kongo mwezi wa Julai 1941? Muzee Albert Kunyuku, aliyepigana Vita ya Pili ya Dunia, alipewa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwaka 2022, akiwa na miaka 100. Heshima ilifika, lakini ilikawia sana.

Tuseme ukweli mwingine. Plake ya pekee bila orodha safi ya askari wa zamani itanunuliwa. Mwenye jipu kubwa ataibandika ili polisi ya barabarani isimsimamishe, na muzee wa Cimpunda ataendelea kutembea.

Kwa hiyo tupange hivi: orodha kwanza, kisha kadi na pensheni, na plake mwishoni kwa mwenye kuwa na gari. Wewe uliyesoma sheria ao hesabu, tafuta faili moja tu kwenye avenyu yako. Isome, onyesha karatasi gani inakosa, andika barua pamoja na mwenye nayo. Mnasemaje?