Ikulu ya Maneno
Mwongoza watalii wa Oxford ana bahati: kuta za mawe zimesimama, yeye ananyoosha kidole tu. Huku Bweranyange, Karagwe, nchini Tanzania, ikulu ilikuwa ya miti na nyasi. Wapelelezi Speke na Grant walipokelewa hapo na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, lakini nyasi hazidumu.

Basi mwongozaji wa huku huijenga upya kwa maneno: ukoo wa Wahinda, ngoma, ng'ombe wa chuma waliofuliwa na wahunzi stadi. Mzee akisimulia kwa Kinyambo, mwongozaji hutafsiri papo hapo, huku akimshika mkono mgeni anayeteleza kwenye tope la masika.

Kyerwa, kwenye chemchemi za moto za Mtagata alikofika mpelelezi Stanley mwaka 1876, kibarua cha mwongozaji ni kingine: kumzuia mwenye kamera asiwapige picha waliokuja kuoga wakitafuta nafuu.