Mpenda Makuu na Majirani Zake: Juu ya Hadithi za Lucia

Wako walimu wasemao ya kwamba vitabu vya kuchekesha vyenye habari za matajiri wasio na kazi havistahili nafasi katika maktaba ya mwalimu, maana havifundishi ufundi wala havimjengi mtu katika imani. Neno hili lina uzito wake, nasi hatulidharau. Walakini twaona ya kuwa vimo vichache miongoni mwao ambavyo msomaji akivitazama vizuri hujiona mwenyewe ndani yake, na kicheko chake huchanganyika na haya. Katika hivyo twaviweka vitabu sita vya Lucia vilivyotungwa na E. F. Benson, na hasa kile kiitwacho Lucia in London, kilichotoka mwaka 1927.

Benson alizaliwa mwaka 1867, akafa mwaka 1940. Baba yake, Edward White Benson, alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1883 hata 1896. Ndizo zamani zile Askofu Hannington alipouawa katika Busoga, mwaka 1885. Basi mtungaji huyu alipata tangu ujana wake kuwatazama kwa karibu watu wenye cheo, na wale wasiokuwa nacho bali wakitamani sana kuonekana nacho. Kitabu cha kwanza cha Lucia kilitoka mwaka 1920, na cha mwisho mwaka 1939. Havikusahauliwa baada yake, kwani mwaka 2014 vilifanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza.

Habari yenyewe ni nyepesi. Bibi Emmeline Lucas, ambaye rafiki zake humwita Lucia, akaa na mumewe katika kijiji cha Riseholme, na hapo yeye ni kama malkia. Ndiye aamuaye muziki upi usikilizwe, kitabu kipi kisifiwe, na nani aalikwe chakulani. Hupiga kinanda, lakini katika ile sonata ya Beethoven aipendayo hupiga sehemu ya kwanza tu, iendayo polepole. Zile zifuatazo, zenye kuhitaji vidole vyepesi, huziacha kana kwamba hazistahili kupigwa. Hutia maneno ya Kiitaliano katika mazungumzo, na jirani zake huamini ya kuwa aijua lugha hiyo kama mwenyeji.

Katika Lucia in London, shangazi ya mumewe afariki na kuwaachia nyumba katika Brompton Square. Kwa msomaji asiyeijua London, huo ni mtaa wa watu wenye mali, si mbali na Hyde Park: nyumba ndefu zilizoshikana zimeizunguka bustani iliyo katikati. Benson mwenyewe aliwahi kukaa hapo. Lucia ahamia mjini, na mara aanza kuwatafuta wakubwa. Akisikia bibi mwenye cheo akiitwa kwa jina lake la utotoni, naye humwita vivyo hivyo, ijapokuwa hajuani naye. Mwandishi mmoja wa gazeti, mwanamume ajifichaye chini ya jina la kike la Hermione, huandika habari za karamu zake. Na rafiki zake wa Riseholme huwaweka kando, kama mtu awekavyo nguo aliyokwisha kuichakaza.

Hapa mwenye kuipenda lugha hana budi kuuliza: Lucia tumwiteje kwa Kiswahili? Waingereza humwita mtu wa namna hii snob, neno ambalo hapo kwanza lilikuwa jina la fundi wa viatu, hata Thackeray akalieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1848. Sisi tunayo maneno si haba, lakini kila moja lashika upande mmoja tu. Mwenye kiburi amejitosheleza, hana haja ya kumtazama mtu. Lucia hutazama watu mchana kutwa. Mlimbukeni amepata kitu kipya naye hajazoea kuwa nacho; Lucia ni mlimbukeni wa London, lakini huko Riseholme alikwisha zoea enzi. Mwenye kujipendekeza hunyenyekea kwa mkubwa, wala neno hilo halisemi lolote juu ya dharau yake kwa mdogo. Twaona neno lililo karibu zaidi ni mpenda makuu, mradi tuongeze ya kuwa yale makuu ayapendayo si yake, na ya kuwa kwa ajili yake yu tayari kuwatupa walio wake.

Lakini shabaha ya Benson si mpenda makuu peke yake. Amewaonyesha pia wale wamchekao, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni majirani wa Riseholme. Hao hucheka kwa uchungu, hujifanya hawana habari naye, na huku wataka sana kujua alikula wapi jana. Wa pili ni watu wakubwa wa London, akina Adele Brixton, walioshirikiana kama chama na kujiita kwa jina lenye maana ya wapenzi wa Lucia. Hao humwalika na kumsifu, na wakiisha kuachana naye husimuliana vitimbi vyake kama watu watokao katika mchezo. Wasomaji wengi huwapenda hawa wa pili kwa kuwa hawana chuki. Sisi twasema ya kwamba watu wa Riseholme, pamoja na wivu wao wote, ndio walio na haki zaidi, kwani wao wameumia kwa kumpoteza mtu. Hawa wa London hawakupoteza kitu, wala hawakumpa chochote ila nafasi ya kuchekwa asijue. Nyani haoni kundule, asema Mswahili. Na aketiye akimtazama mwenziwe kama tamasha naye amejiweka juu yake. Huo nao ni upenda makuu, ijapokuwa una adabu nzuri.

Yuko mmoja tu katika vitabu hivi acheaye kwa njia iliyo bora, naye ni Olga Bracely, mwimbaji mwenye sifa ya kweli, aliyeletwa katika kitabu cha kwanza. Kwa kutokukusudia alimkutanisha Lucia na mtunga muziki wa Kiitaliano, naye akamsemesha kwa lugha yake. Lucia hakufahamu neno. Siri ikafunuka mbele ya watu. Olga alicheka, maana jambo lilichekesha. Lakini alipoona ya kuwa mwenziwe amevunjika moyo, akajitahidi kumrudishia heshima yake kwa jirani zake. Kwa Kiswahili hili lina jina: alimsitiri. Aliye na ukubwa wa kweli hapungukiwi na kitu kwa kumstiri jirani, na hilo ndilo twaliona kuwa moyo wa hadithi zote sita.

Kasoro zipo. Watumishi husemeshwa kwa nadra. Tena mtungaji hulirudia jambo moja mara nyingi, hata msomaji aweza kuchoka. Mambo mengine ya wakubwa wa London hayafai kusomwa na vijana wa shule, basi vitabu hivi twavikusudia kwa walimu wenyewe.

Na kwa nini walimu? Kwa kuwa Kiitaliano cha Lucia kiko kati yetu. Yuko mwalimu asiyeweza kuwasalimu wazee wa kijiji pasipo kutia maneno mawili ya Kiingereza. Yuko mhubiri atajaye asili ya neno katika Kiyunani, lugha asiyoisoma kamwe, mbele ya akina mama waliokuja kutafuta faraja. Watu hunyamaza kwa heshima, kama walivyonyamaza wa Riseholme. Siku yaja ambapo atakuja mwenye lugha yake, na siri itafunuka. Ndipo sisi tulio wenzake katika kazi tutakapojulikana kama tu wa chama cha Adele au tu wa upande wa Olga.